Kwikwi ya mlimani: shajara ya gari la dada

Siku ya 1, jioni

Dada ameniletea gari lake. Ni gari dogo la petroli, injini ya lita 1.5 yenye silinda nne, gea za mkono. Malalamiko nimeyaandika kama alivyoyatamka, kwa sababu maneno ya dereva hubeba mengi kuliko anavyodhani mwenyewe: "Nikikanyaga mafuta linaitika, halafu linakata tamaa. Kama kuna mtu amelishika kwa nyuma." Limemzimikia mara mbili, zote akiwa ametoka kupandisha kilima na kusimama kwenye makutano. Mara ya pili kulikuwa na lori nyuma yake likimpigia honi. Alipofika hapo alinyamaza kidogo, na mimi nikaamua kuwa gari hili haliondoki hapa kwa kubahatisha.

Kabla halijanifikia limebadilishwa plagi, filta ya hewa, na miezi miwili iliyopita pampu ya mafuta. Throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, nayo ilisafishwa. Vyote amevilipia, na kwikwi ipo palepale.

Maswali niliyomuuliza. Hutokea likiwa baridi au likishapata moto? Likishapata moto, baada ya dakika ishirini hivi. Tangi likiwa limejaa au likikaribia kuisha? Haoni tofauti. Likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, linatulia? Linatetemeka kidogo. Lilikuwa hivihivi tangu mwanzo? "Hapana, mdogo wangu. Mwanzoni lilikuwa linasita tu nikitaka kuondoka. Hii ya mlimani imekuja baadaye." Jibu hili la mwisho nimelipigia mstari, ingawa bado silioni linakonielekeza.

Boneti sijaifungua. Ukianza kuvuta soketi na kutikisa nyaya kabla hujaisikia hitilafu kwa mwili wako, unaweza kuiondoa kwa bahati bila kujua ulichokigusa, nayo ikarudi wiki ijayo.

Siku ya 2

Nimeliendesha dakika arobaini, nikarudia kilima kilekile mara tano. Mara mbili za kwanza, injini ikiwa bado haijapata moto sawasawa, lilipanda bila neno. Mara ya tatu, gea ya tatu, mizunguko kama 3,000 kwa dakika, mguu umezama zaidi ya nusu, likaanza kufifia. Nasema kufifia kwa makusudi. Halikuruka wala kushtuka. Nguvu ilipungua taratibu, kama sauti ya redio inayopunguzwa na mtu aliye chumba kingine. Nilipoinua mguu nusu likapata pumzi, nilipozamisha tena likafifia tena.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Cheche ikikosekana kwenye silinda moja, gari linamisi: unapata mshtuko, gari linadunda, na mara nyingi mdundo unafuata mzunguko wa injini. Mafuta yakipungua, silinda zote zinanyongwa kwa pamoja, kwa hiyo unachosikia ni kuzama. Halitoshi kuwa ushahidi kamili, kwani mchanganyiko ukipungukiwa mafuta sana cheche nazo zinaanza kushindwa kuuwasha. Lakini kwa leo shaka yangu imeegemea upande wa mafuta.

Kuna na jambo la pili. Likiwa limesimama, sailensa inapanda na kushuka, na wakati wa kuondoka linasita kidogo kabla ya kuvuta. Hii ipo hata likiwa baridi.

Siku ya 3

Leo nimepanda na mpwa wangu, yeye ashike mashine ya kusomea kompyuta ya injini, mimi nishike usukani. Kusoma namba huku unaendesha ni kutafuta ajali, na mtu anayesoma peke yake anaona vizuri zaidi.

Taa ya injini haiwaki, lakini ndani ya kumbukumbu kuna kosa linalosubiri kuthibitishwa: P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta inaona mafuta ni machache kuliko hewa iliyoingia. Nimeona watu wengi wakilisoma kosa hili na kununua sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, papo hapo. Sensa hiyo ndiyo iliyopeleka taarifa, na mleta habari mbaya hahukumiwi kwa habari aliyoileta.

Kilichonivutia zaidi ni marekebisho ya mafuta. Kompyuta inalenga uwiano wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ikiona mafuta yamepungua inaongeza muda wa kufungua nozeli zinazopulizia mafuta, na kiasi ilichoongeza inakuonyesha kwa asilimia. Jumla ya marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu ikiwa ndani ya 10 juu au chini, kwa kawaida sina wasiwasi. Mpwa aliniandikia hizi:

Sailensa, +13. Limesimama, mizunguko 2,500, +6. Mlimani, gea ya tatu, kabla tu ya kufifia, +21.

"Mjomba, mbona zinashuka halafu zinapanda?"

Swali zuri kuliko aliyeuliza anavyojua. Namba hizi zina umbo la bakuli, na bakuli halitokani kirahisi na ugonjwa mmoja. Hewa ikipenya mahali baada ya sensa ya kupima hewa, hiyo hewa ya wizi inaonekana sana injini ikiwa sailensa, wakati hewa halali ni kidogo. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi inamezwa, kwa hiyo namba inashuka. Mafuta yakiwa hayafiki vya kutosha, mambo ni kinyume: sailensa haina shida, na kadiri unavyodai zaidi ndivyo upungufu unavyojitokeza. Gari la dada linaonyesha yote mawili. Nadhani tuna hitilafu mbili, moja imekaa mgongoni mwa nyingine.

Mguu ulipozama kabisa niliomba volti ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya kataliti, kisafishio cha moshi. Sensa ya aina hii hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Injini inapodaiwa nguvu zote, kompyuta huacha kulenga 14.7 na kumwaga mafuta zaidi, hivyo natarajia 0.8 na kwenda juu. Tulipata 0.85 kwa sekunde mbili, kisha 0.4, kisha 0.12, yaani mafuta yamepungua. Ikabaki hapo mpaka nilipoinua mguu.

Siku ya 4

Hewa ya wizi imepatikana. Chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kuna bomba fupi la mpira ambalo injini hupumulia mvuke wake wa ndani. Kwa juu limependeza kabisa. Nilipolikunja kwa kidole upande usioonekana, ufa ulifunguka kama mdomo, urefu wa ukucha, kingo zake zimekauka na kung'aa. Kabla ya kulitoa nililibana kwa koleo lenye kitambaa, mpwa akiangalia mashine, na marekebisho ya sailensa yakashuka mbele ya macho yetu. Hivyo ndivyo ninavyopenda kuthibitisha: kipuri kibaya kikiwa bado mahali pake.

Bomba jipya limefungwa. Sailensa imetulia, marekebisho +3. Kule kusita wakati wa kuondoka kumekwisha.

Jioni nikapanda kilima kwa matumaini. Limefifia palepale, kwenye gea ileile.

Siku ya 5

Siku ya kuwaondoa watuhumiwa wasiohusika. Sensa ya kupima hewa lazima ichunguzwe, kwa kuwa ikichafuka inahesabu hewa pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu, na dalili yake mlimani inafanana sana na hii. Ndani yake kuna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo. Vumbi likiuvisha koti, uzi haupoi sawasawa.

Badala ya kuinunua au kuipulizia dawa kwa imani, nilipiga hesabu. Injini ya lita 1.5 humeza ujazo wake wote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hiyo ni lita 2,250 kwa dakika, yaani lita 37.5 kwa sekunde. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi karibu na usawa wa bahari, na hupungua kadiri unavyopanda juu au joto linavyozidi. Kwa hiyo injini kamilifu ingemeza gramu 45 kwa sekunde. Injini za kawaida zisizo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani) hufikia asilimia 80 au zaidi kidogo ya hapo. Sensa ilisoma 37 mlimani, mguu chini, wakati ambapo gari lilikuwa linafifia. Hiyo ni asilimia 82.

Hesabu moja, watuhumiwa wawili wameachiwa. Kama sensa ingekuwa inapunja kwa kiwango cha kuleta +21, ningeona namba ya 30 au karibu yake. Na kama kataliti au bomba la moshi lingekuwa limeziba, injini isingeweza kutoa pumzi, na asiyetoa pumzi hawezi kuvuta nyingine. Hewa inaingia ya kutosha na inatoka.

Plagi nimezitoa, pengo ni milimita 1.1 zote nne, rangi imepauka kidogo kama ilivyo kwa injini inayonyimwa mafuta. Kofia za koili zinazozalisha umeme wa plagi hazina nyufa wala mstari mweusi wa umeme uliovuja. Sensa ya throto imepanda kutoka volti 0.6 hadi 4.3 bila kuruka nilipokanyaga polepole. Basi.

Siku ya 6

Presha ya mafuta. Kitabu cha gari hili kinataka kati ya bar 3.0 na 3.4.

Kwanza nilitoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini iungurume mpaka izime yenyewe, ndipo nikafungua bomba, kitambaa kimezungushiwa, miwani usoni, kizima moto karibu na mguu. Petroli inayotoka kwa presha juu ya injini ya moto haitoi onyo. Geji nimeiunga kwa kiungo cha T, nikalipitisha bomba lake mbali na mkanda na bomba la moshi.

Sailensa: 3.2. Nikakanyaga likiwa limesimama mpaka mizunguko 4,000: 3.2, ikayumba kidogo. Hapa ndipo gari hili lingeweza kunidanganya. Pampu ni mpya, geji inasema sawa, funga boneti.

Lakini injini isiyovuta kitu inakunywa mafuta kidogo mno. Pampu ya gari hili ipo ndani ya tangi pamoja na kidhibiti presha, na kazi ya kidhibiti ni kurudisha ziada tangini. Pampu ikidhoofika, kinachopungua kwanza ni ile ziada, na geji haioni kitu. Presha inaanguka tu pale injini inapodai zaidi ya kile pampu inachoweza kusukuma. Kwa maneno mengine, kuipima presha gari likiwa limesimama ni kama kumpima mtu nguvu akiwa ameketi.

Kwa hiyo nimeifunga geji kwa nje, juu ya kioo cha mbele, imeshikwa na waipa na tepu, uso wake ukitutazama. Haiingii ndani ya gari kwa hali yoyote, kwa sababu bomba lake limejaa petroli. Tukazunguka dakika ishirini na tano, tukakiendea kilima.

Mpwa alisoma kwa sauti: "Tatu nukta mbili. Tatu nukta mbili. Tatu. Mbili nukta sita. Mjomba, mbili. Moja nukta nane." Na gari likafifia kwa kufuata sauti yake kama wameagana.

Siku ya 7

Usiku nilijiuliza kama niagize pampu. Pampu mpya inaweza kuwa mbovu. Lakini pampu ni mota ya umeme, na mota ikinyimwa umeme inazunguka polepole hata kama imetoka kiwandani leo. Kulishutumu tumbo kabla ya kuangalia sahani si haki.

Nikainua kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko, na soketi ya pampu iko hapo juu ya tangi. Nikapenyeza sindano nyembamba nyuma ya soketi, nyaya za mita nikazileta mbele. Injini ikiwa imewaka tu: betri 14.1, pampu 11.9. Tayari volti 2.2 zimepotea njiani. Baada ya dakika ishirini na tano za barabara: betri 14.1, pampu 9.6.

Volti 4.5 zinaishia wapi? Nikapima upande mmoja mmoja, pampu ikiendelea kufanya kazi. Kutoka betri hadi pini chanya ya pampu: 0.5. Kutoka pini ya ethi ya pampu, njia ya umeme kurudi, hadi ncha hasi ya betri: 4.0. Ni ethi. Nikasogeza sindano nusu sentimita, kutoka upande wa pampu hadi upande wa waya wa soketi ileile, na mita ikasoma 3.5. Karibu upotevu wote uko ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba.

Kuna jambo ambalo fundi anayeanza anapaswa kulijua, nalo ni kwamba kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, hakikunionyesha chochote. Nilizima, likapoa, nikapima njia nzima ya ethi: 0.4, na nyaya za mita zenyewe zina 0.2. Ungesema ni safi. Pampu hii inavuta kama ampea 5. Volti 4.0 gawanya kwa 5 ni omu 0.8, ambazo huonekana tu umeme unapopita na mahali pale pameshapata moto. Na volti 3.5 mara ampea 5 ni wati 17 na nusu, zinachoma ndani ya soketi ile moja, juu ya tangi la mafuta. Hapo nikaacha kuifikiria nguvu ya gari na kuanza kumfikiria dada.

Betri nikaitoa, soketi nikaichomoa. Upande wa waya mweusi plastiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa na kulainika hadi ukingo umeinama. Pini ya kike, ambayo inatakiwa kuibana ya kiume kama vidole viwili, imefunguka. Mdomo wake umetanuliwa kwa kitu kilichoingizwa kwa mbele, na ndani kuna ukoko wa kijani. Niliingiza pini mpya ya ukubwa uleule kujaribu: upande chanya ilishikwa, ilibidi niivute. Upande wa ethi ilidondoka yenyewe.

Ndipo nikaukumbuka ule mstari wa siku ya kwanza. Mwanzoni lilikuwa linasita tu wakati wa kuondoka, na hiyo ilikuwa kazi ya bomba lililopasuka. Pampu ikabadilishwa kwa ugonjwa usiokuwa wake, soketi ikachokolewa, na kwikwi ya mlimani ikazaliwa siku hiyo.

Siku ya 8

Nimeagiza soketi kamili yenye kipande cha waya, na kifuniko cha pampu chenye pini zake. Pini ya kiume ya upande wa pampu nayo imeliwa. Ningeweza kuisugua kwa msasa, lakini msasa unaondoa utandu unaoilinda, nayo ingerudi kuungua.

Boliti ya ethi kwenye bodi, chini ya zulia, nimeifungua, nikasafisha chuma mpaka kikang'aa, nikaifunga na kuipaka grisi kwa juu. Zile volti 0.5 zilizobaki upande wa ethi nadhani zilikuwa hapa.

Siku ya 11

Vipuri vimefika. Milango yote wazi, betri nje, mdomo wa tangi umefunikwa muda wote ambao mkono wangu haumo. Hakuna pasi ya kuungia nyaya kwa risasi wala moto wa kukaushia mpira juu ya tangi. Viungo nimevibana kwa koleo la kubania, waya wa unene uleule, kila kimoja nikakivuta kwa nguvu, kisha nikavifunga kwa tepu ya kitambaa na kuvilaza mbali na ukingo wa bati.

Siku ya 12

Dakika thelathini barabarani, kisha kilima. Betri 14.1, pampu 13.5. Geji juu ya kioo: 3.2, na pale gari lilipokuwa linafifia, 3.1. Sensa ya oksijeni 0.88, haikushuka. Marekebisho +4 kwenye mwendo wa kawaida. Gea ya tatu, mguu chini, gari lilipanda mpaka juu na bado lilikuwa linadai gea ya nne. Mpwa alipiga dashibodi kwa kiganja kama anampongeza farasi.

Kosa P0171 nimelifuta leo, si kabla, ili kama likirudi niwe na hakika kuwa ni jipya.

Siku ya 33

Dada amelitumia wiki tatu. Nimemwomba alilete bila kumwambia ninachotafuta. Kumbukumbu haina kosa. Kiti cha nyuma nimekiinua, nikashika soketi baada ya safari ndefu: vuguvugu ya kawaida, plastiki nyeupe, pini zimeshika. Volti kwenye pampu ni 13.5 ileile.

Kwenye bati chini ya kiti nimebandika kipande cha tepu nyeupe, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe, volti ya betri, volti ya pampu, na maneno "pima gari likiwa na moto." Atakayekuja kufungua hapa baada yangu atakuwa na namba ya kuanzia.